Rangi ya Kitu na Rangi ya Nuru: Ubongo, Mwangaza na Msamiati wa Rangi katika Kiswahili



1.0 Utangulizi

Naomba nianze kwa kukiri kosa. Nilipokuwa mwalimu kijana wa Kiswahili katika shule ya sekondari, niliwapa wanafunzi wangu insha ya kueleza jioni nyumbani kwao. Mmoja wao aliandika kwamba, jua lilipokwisha kuzama, maua mekundu ya mti wa mkrismasi uliokuwa uani yaligeuka kuwa meusi, ilhali majani ya mti uleule yalikuwa bado yanaonekana vizuri. Nilichukua kalamu ya wino mwekundu, nikayapigia mstari maneno yake na kuandika pembeni: "Maua mekundu hayawi meusi. Andika unachokiona." Kisha nikampunguzia alama mbili. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba mwanafunzi yule alikuwa ameandika hasa alichokiona, na kwamba mimi ndiye niliyemsahihisha kwa kile nilichokijua.

Kisa hicho ndicho kilichonifikisha kwenye mada ya leo. Rangi iko wapi? Je, imo katika kitu, katika nuru inayokimulika, katika jicho, ama katika ubongo? Swali hili huonekana kuwa la wanasayansi, lakini linatuhusu sisi wanaisimu pia, kwani mara kwa mara tumesikia ikidaiwa kwamba Kiswahili ni maskini wa rangi, kwa kuwa kina vivumishi vitatu tu vya asili vinavyotaja rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Dai hilo limerudiwa hata na wasemaji wa lugha yenyewe, na baadhi yao wamelitumia kama hoja ya kuonyesha kwamba sayansi haiwezi kufundishwa kwa Kiswahili.

Katika mhadhara huu nitaeleza kwanza jinsi ubongo unavyotambua rangi na maumbo chini ya mwangaza unaobadilika. Baada ya hapo nitaurudia msamiati wetu. Hoja yangu ni moja: ubongo haujishughulishi sana na rangi ya nuru inayoingia jichoni, bali hutafuta rangi ya kitu; na Kiswahili, kinapotaja rangi, hutaja hitimisho hilo la ubongo. Aliyelielewa jambo hili hatakuwa na sababu ya kuuita msamiati huo maskini.

2.0 Nuru, Kitu na Jicho

Nuru tunayoweza kuiona ni sehemu ndogo tu ya mawimbi ya sumakuumeme. Urefu wa mawimbi hayo ni kati ya nanometa 400 na 700 hivi, ambapo nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Isaac Newton, katika kitabu chake Opticks kilichotoka mwaka 1704, alionyesha kwamba nuru nyeupe ya jua ni mchanganyiko wa miale ya namna nyingi. Alisisitiza pia kwamba miale yenyewe haina rangi. Inachokuwa nacho ni uwezo wa kuamsha ndani yetu hisia ya rangi hii au ile.

Nuru ikikiangukia kitu, sehemu yake hufyonzwa na sehemu nyingine huakisiwa. Jani hufyonza sehemu kubwa ya mawimbi marefu na mafupi, na kuakisi zaidi yale ya kati. Nuru iliyoakisiwa hupita katika mboni na kuufikia utando wa nyuma ya jicho uitwao retina. Hapo kuna seli za aina kuu mbili. Zipo zenye umbo la fimbo, zipatazo milioni 120 katika kila jicho, nazo hufanya kazi katika mwanga hafifu. Zipo pia zenye umbo la pia, ambazo nitaziita koni, zipatazo milioni sita, nazo hufanya kazi katika mwanga wa kutosha.

Koni ni za aina tatu: zinazoitikia zaidi mawimbi mafupi, ya kati, na marefu. Ieleweke kwamba koni moja peke yake haijui rangi. Inachoweza kuuarifu ubongo ni kiasi cha nuru iliyoipokea tu. Haiwezi kueleza kama ilipokea nuru hafifu ya wimbi inalolipenda au nuru kali ya wimbi isilolipenda. Rangi hupatikana pale tu taarifa za koni za aina tofauti zinapolinganishwa. Kwa hiyo, tangu hatua ya kwanza kabisa, kuona rangi ni kulinganisha.

Tatizo kubwa liko mbele zaidi. Nuru inayofika jichoni ni zao la mambo mawili: mwangaza unaokiangukia kitu, na uwezo wa kitu hicho kuakisi. Jicho hupokea zao hilo likiwa limekwisha kuchanganyika. Ni sawa na mtu aliyeambiwa kwamba namba mbili zikizidishwa hutoa 24, kisha akatakiwa azitaje. Huenda ni 4 na 6, huenda ni 3 na 8, huenda ni 2 na 12. Ubongo hutakiwa kulijibu swali hilo kila mara tunapofumbua macho, nao hulijibu kwa haraka kiasi kwamba hatutambui kuwa kulikuwa na swali.

3.0 Jicho Wakati wa Machweo

Turejee kwa mwanafunzi wangu. Mwaka 1825 mwanafiziolojia wa Bohemia, Jan Evangelista Purkyně, alichapisha maelezo ya jambo aliloliona kulipokuwa kunapambazuka: rangi nyekundu, ambayo mchana hung'aa kuliko nyingi nyingine, ndiyo inayokuwa nyeusi zaidi katika mwanga hafifu, ilhali buluu na kijani huonekana mapema. Jambo hilo hadi leo hutajwa kwa jina lake.

Maelezo yake yanatokana na zile aina mbili za seli. Mchana, koni ndizo zinazotawala, nazo kwa jumla huitikia zaidi nuru ya nanometa 555 hivi, yaani nuru ya kijani inayoelekea manjano. Giza linapoingia, koni hushindwa kufanya kazi na seli za fimbo hushika zamu. Hizi huitikia zaidi nuru ya nanometa 500 hivi, na nuru nyekundu karibu haziioni kabisa. Kwa hiyo ua jekundu ambalo mchana lilikuwa ling'aavyo huzama katika weusi, na majani yanayolizunguka hubaki yameonekana. Aidha, kwa kuwa seli za fimbo ni za aina moja tu, hazina cha kulinganisha. Ndiyo maana chini ya mbalamwezi tunaona maumbo ya miti, nyumba na watu, lakini rangi zake hatuzioni.

Zamu hiyo haibadilishwi kwa dakika moja. Mtu anayetoka katika chumba chenye taa na kuingia gizani huhitaji nusu saa hivi kabla macho yake hayajaizoea hali hiyo kikamilifu. Wavuvi wanaotoka usiku wanaifahamu hali hii kwa mazoea, hata bila kusoma habari za seli.

4.0 Uthabiti wa Rangi

Kama jicho lingekuwa linaripoti nuru jinsi inavyoingia, tungeishi katika dunia ya kutatanisha. Tutazame mkaa na karatasi nyeupe. Jua la saa sita mchana hutoa mwangaza wa takriban luksi 100,000. Chumba chenye taa ya kawaida huweza kuwa na luksi 200. Mkaa huakisi kama asilimia 5 ya nuru inayouangukia, na karatasi kama asilimia 80. Ukifanya hesabu utakuta kwamba mkaa ulio juani unaleta jichoni nuru takriban mara 30 zaidi ya ile inayoletwa na karatasi iliyo chumbani. Hata hivyo, hakuna mtu aliyewahi kuuona mkaa wa juani ukiwa mweupe, wala karatasi ya chumbani ikiwa nyeusi. Uwezo huu wa ubongo wa kukiona kitu kikiwa na rangi ileile ingawa mwangaza umebadilika huitwa uthabiti wa rangi.

Wazo la kwamba kuona ni kuhitimisha si geni. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeandika Kitab al-Manazir mjini Cairo mwanzoni mwa karne ya 11, alieleza kwamba mengi tunayoyaona hatuyapati kwa hisi tupu, bali kwa kulinganisha, kukumbuka na kuhitimisha kwa kasi ambayo mwenyewe mtu haitambui. Katika karne ya 19, Mjerumani Hermann von Helmholtz aliipa fikra hiyo msingi wa kifiziolojia. Lakini aliyeionyesha kwa namna ya kushangaza zaidi ni Mmarekani Edwin Land, mvumbuzi wa kamera ya Polaroid.

Katika miaka ya 1960 na 1970, Land alitengeneza ubao uliobandikwa vipande vingi vya karatasi za rangi mbalimbali, akaumulika kwa taa tatu: moja ya mawimbi marefu, moja ya kati na moja ya mafupi. Kwanza alipima nuru iliyotoka kwenye kipande cheupe. Kisha alizirekebisha taa zake mpaka kipande cha kijani kikawa kinatoa nuru ileile kabisa, kwa kipimo cha kila taa. Kama rangi ingekuwa ni nuru inayofika jichoni, kipande hicho kingeonekana cheupe. Watazamaji waliendelea kukiona cha kijani. Ubongo ulikuwa umekilinganisha na majirani zake wote, ukatambua kuwa taa zimebadilika, nao ukaziondoa taa katika hesabu.

Jambo la pili ni muhimu vilevile. Kipande hicho kikitazamwa peke yake, majirani wakiwa wamefichwa, uthabiti huo hutoweka na mtazamaji huona rangi ya nuru iliyopo. Msikilizaji anaweza kulijaribu jambo la karibu na hili nyumbani. Akunje karatasi iwe bomba jembamba, kisha atazame kupitia humo sehemu ndogo ya ukuta mweupe ulio kivulini wakati wa jioni. Ukuta ambao kwa macho mawili ulikuwa mweupe tu, kupitia bombani huenda ukawa wa kijivu, au wa buluu hafifu, au wa manjano, kutegemea nuru inayouangukia.

Hata hivyo, uthabiti huu una mipaka, na wafanyabiashara wa nguo wanaifahamu. Mama anayechagua kitenge dukani chini ya taa hukichukua mpaka mlangoni akakitazame juani. Fundi cherehani naye hulinganisha uzi na kitambaa nje ya kibanda chake. Wanafanya hivyo kwa sababu vitambaa viwili vinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja na kutofautiana chini ya jua, kwani taa nyingi hazina mawimbi yote yaliyomo katika nuru ya jua. Mfano uliokithiri ni taa za sodiamu za mgandamizo mdogo, ambazo zilitumika sana barabarani katika miji mingi ya dunia. Nuru yake karibu yote ni ya wimbi moja, la nanometa 589. Chini ya taa hizo ubongo hauna cha kulinganisha, na vitu vyote huwa vya manjano iliyokolea au iliyofifia. Gari jekundu na gari la buluu hapo haziwezi kutofautishwa kwa rangi.

Ubongo unaweza pia kukosea kuhusu taa yenyewe. Mwezi Februari mwaka 2015 picha ya gauni moja ilisambaa duniani kote kupitia intaneti. Baadhi ya watu waliliona la buluu na jeusi, wengine waliliona jeupe na la dhahabu, na kila upande ulishangaa upande wa pili una macho gani. Gauni lenyewe lilikuwa la buluu na jeusi. Picha ilikuwa na dalili chache mno za mwangaza, hivyo kila ubongo ulilazimika kukisia. Waliokisia, bila kujua, kwamba gauni liko kivulini, waliiondoa rangi ya buluu kama mali ya kivuli, wakabaki na nyeupe. Waliokisia mwangaza wa taa yenye manjano waliondoa manjano, wakabaki na buluu. Macho yalikuwa yaleyale na picha ileile. Tofauti ilikuwa katika dhana kuhusu mwangaza.

5.0 Umbo na Kivuli

Mambo hayo hayaishii kwenye rangi. Picha inayoangukia retina ni bapa, haina kina. Miongoni mwa njia ambazo ubongo hutumia kukipata kina hicho ni vivuli, na kwa ajili hiyo una kanuni moja ya msingi: nuru hutoka juu. Kanuni hiyo ni ya busara, kwa sababu jua liko juu. Sehemu inayong'aa upande wa juu na kuwa na giza upande wa chini huonwa kuwa ni nundu; yenye giza juu na kung'aa chini huonwa kuwa ni shimo.

Waliopata kuitazama milango ya nakshi ya Lamu na Unguja wanaweza kuijaribu kanuni hii. Chukua picha ya mlango wa namna hiyo uliopigwa jua kutoka juu, ambamo maua na minyororo iliyochongwa imejitokeza. Ipindue juu chini. Mara nyingi maua yale huzama ndani ya ubao, na mabonde yaliyoyazunguka hunyanyuka. Hakuna mstari hata mmoja uliobadilika katika picha; kilichobadilika ni upande unaodhaniwa kuwa wa nuru. Mskoti David Brewster aliandika kuhusu mageuko ya namna hii tangu mwaka 1826, na wanaozichunguza picha za mashimo ya mwezini hukutana nayo hadi leo.

Umbo nalo huathiri weupe na weusi. Mwaka 1995 Edward Adelson, mtafiti wa Marekani, alichora ubao wa miraba myeusi na myeupe ambao juu yake umesimama mcheduara unaotupa kivuli. Mraba "mweupe" ulio ndani ya kivuli na mraba "mweusi" ulio nje ya kivuli vimechapishwa kwa wino wa kijivu uleule. Macho hayakubali. Huuona mmoja mweupe na mwingine mweusi, hata baada ya mtu kuambiwa ukweli na kuupima mwenyewe. Ubongo umeutambua mcheduara, ukatambua kivuli chake, ukakiondoa. Kwa mtu anayetaka kupima wino hilo ni kosa. Kwa mtu anayetaka kujua ubao wenyewe ukoje, hilo ndilo jibu sahihi.

6.0 Msamiati wa Rangi katika Kiswahili

Sasa tuirudie lugha yetu. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walichapisha utafiti mashuhuri kuhusu istilahi za msingi za rangi. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 20 walizozifanyia majaribio ya moja kwa moja, pamoja na nyingine 78 walizozisoma katika maandishi. Walidai kwamba lugha huongeza majina ya rangi kwa mpangilio: kwanza nyeupe na nyeusi, kisha nyekundu, kisha kijani na manjano, na kuendelea mpaka 11. Mtu akiishia katika vivumishi vyetu vitatu, Kiswahili kitaonekana kimekwama hatua ya pili.

Ni kweli kwamba vivumishi hivi vitatu vina hadhi ya pekee. Hupatana na ngeli moja kwa moja: gari jeupe, kitambaa cheusi, maua mekundu. Vina tanakali zake za kusisitiza: nyeupe pee, nyeusi tititi, nyekundu ndu. Tena, -eupe haihusu rangi peke yake bali mwanga pia: kunapokucha tunasema kumekuwa kweupe, na jambo lililo hadharani liko peupe.

Rangi nyinginezo hutajwa kwa njia tofauti: gari la kijani, kitambaa cha kijivu, nguo ya manjano, gauni la zambarau. Hapa kuna kiunganishi -a na jina ambalo aghalabu chanzo chake ni kitu: jani, jivu, kiungo cha manjano, tunda la zambarau. Neno la zamani chanikiwiti nalo lina jani ndani yake. Angalieni pia kiambishi ki- katika kijani na kijivu. Ni kilekile cha mavazi ya kiume na michezo ya kitoto, yaani ki- ya namna na mfanano. Gari la kijani, kwa asili, ni gari la namna ya jani. Vivyo hivyo tunasema mtu ni maji ya kunde, na kitambaa ni damu ya mzee, na kila msikilizaji anajua rangi inayokusudiwa. Hata neno rangi lenyewe, lenye asili ya Kiajemi, hutaja sifa tunayoiona na pia kitu kinachouzwa katika kopo na kupakwa ukutani.

Wako waliouona mtindo huu kuwa dalili ya upungufu. Berlin na Kay wenyewe walilitilia shaka neno lolote la rangi ambalo ni jina la kitu. Mimi nauona kwa namna nyingine. Kama kazi ya ubongo ni kuiondoa taa ili ibaki rangi ya kitu, basi lugha inayotaja rangi kwa kuilinganisha na kitu kinachojulikana na wote inataja kile ambacho ubongo umekitafuta. Jani huwa la kijani alfajiri, adhuhuri na alasiri, ingawa nuru linayoileta jichoni nyakati hizo si moja. Zaidi ya hayo, leo anayesema kijani hafikirii jani tena. Tukizitaja rangi za bendera ya Tanzania kuwa ni kijani, manjano, nyeusi na buluu, hakuna anayesimama kutafuta jani wala kiungo cha pilau.

Hata hivyo, hapana budi tujihadhari na kosa la upande wa pili, la kudhani kwamba sarufi huyatawala macho. Mwaka 1858 Mwingereza William Gladstone, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, aliuchunguza msamiati wa rangi katika tenzi za Homer na kuhitimisha kwamba hisia ya rangi ya Wayunani wa kale ilikuwa haijakomaa. Alikuwa ameyapima macho kwa kamusi. Utafiti wa baadaye haukumuunga mkono. Athari ya lugha ipo, lakini ni ya wastani: jaribio lililochapishwa mwaka 2007 lilionyesha kwamba wasemaji wa Kirusi, ambao lugha yao ina maneno mawili tofauti kwa buluu iliyokolea na buluu nyepesi, hutofautisha rangi hizo kwa kasi zaidi kidogo zinapokuwa pande mbili za mpaka huo wa maneno. Halikuonyesha kwamba wengine hawazioni. Mswahili asemaye buluu, samawati au rangi ya bahari ana koni zilezile.

7.0 Mambo ya Kuzingatia

Yapo mambo matatu ambayo ningependa tuyachukue kutoka katika maelezo haya.

La kwanza linahusu istilahi. Kwa kuwa -eupe hubeba maana ya rangi na ya mwanga, mtafsiri wa kitabu cha sayansi anaweza kuandika kwamba kitu "ni cheupe zaidi" bila msomaji kujua kama kitu hicho kinaakisi zaidi au kimemulikwa zaidi. Mfano wa mkaa na karatasi unaonyesha kuwa hayo ni mambo mawili yanayoweza kwenda kinyume. Napendekeza tulitumie neno mwangaza kwa nuru inayokiangukia kitu, mng'ao kwa nuru inayotoka kwenye kitu hadi jichoni, na weupe kwa sifa ya kitu chenyewe. Maneno yote matatu tunayo tayari. Kinachohitajika ni kuyagawia kazi na kuyaheshimu.

La pili linahusu sheria. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika hukumu yake ya mwaka 1980 inayotajwa mara kwa mara, ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na kwamba ni lazima kuchunguza muda, umbali, kama ni mchana au usiku, na hali ya mwanga ilivyokuwa. Tahadhari hiyo inawahusu pia wakalimani na waandishi wa taarifa. Shahidi akisema "alivaa shati jeusi" saa moja jioni, anaweza kuwa mkweli kabisa, na shati likawa jekundu. Anayemhoji asimwone kuwa mwongo kabla hajamuuliza taa ilikuwa ipi, na anayemwamini asimtie mtu hatiani kwa neno moja la rangi. Hapa uhuru wa mtu unaweza kutegemea kivumishi.

La tatu linawahusu walimu. Tunapomwambia mwanafunzi aandike anachokiona, tuwe tayari kukisoma. Uthabiti wa rangi hutufanya tuseme kwamba maua ni mekundu hata wakati ambapo jicho halipati wekundu wowote. Ni msaada mkubwa katika maisha, lakini mwandishi mzuri, kama mtafiti mzuri, ni yule anayeweza kuiweka kando elimu hiyo kwa kitambo na kuandika kile kilichokuwa mbele yake.

8.0 Hitimisho

Nimejaribu kueleza kwamba rangi haimo katika kitu peke yake, wala katika nuru peke yake, wala katika jicho peke yake. Ni uamuzi ambao ubongo huufikia kwa kulinganisha, na kwa kawaida uamuzi huo hulenga kitu, si taa. Kiswahili, kwa vivumishi vyake vitatu na kwa viunganishi na mifanano yake mingi, kina nyenzo za kuutaja uamuzi huo, na kikishughulikiwa kwa uangalifu kina nyenzo za kueleza hata njia iliyopitiwa kuufikia. Mhadhara huu wenyewe umejaribu kufanya hivyo.

Mwanafunzi wangu hakuwa amesoma habari za Purkyně, wala mimi sikuwa nimezisoma. Alikaa uani jioni moja akautazama mti mpaka maua yakawa meusi, akaandika. Kama bado anaandika, naomba ajue kwamba alikuwa sahihi, na kwamba alama zake mbili bado namdaiwa.